Mpishi wa harusi na operesheni ya unene: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Mgonjwa

Bi S. (herufi si ya jina lake) ni mpishi wa harusi, mama wa watoto, umri wa miaka arobaini na kitu. Mtaa, idadi ya watoto na mengine yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa au kuondolewa.

Alipofika kliniki yetu ya sukari, mizani ilisoma kilo 128, na urefu wake ni mita 1.61. BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, ilikuwa 49. Sukari alikuwa nayo kwa mwaka wa nane: insulini asubuhi na jioni, juu ya vidonge vya metformini, na bado kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilikuwa asilimia 9.6. Presha alikuwa akiimezea dawa mbili. Usiku alikoroma hadi watoto wakahama chumba, na mchana usingizi ulimchukua popote alipokaa. Magoti yalikuwa yamemfungia ngazi zote.

Kwa watu wake mwili ule haukuwa ugonjwa. Pwani mwanamke akinenepa baada ya ndoa huambiwa amenawiri, na sifa humwendea mume. Akikonda, watu huanza kunong'onezana. Tena huyu ni mpishi. Mpishi aliyekauka nani atampa sufuria la biriani la watu mia tano?

Kupunguza kula alishajaribu. Mara moja aliacha mahamri, wali na soda, akawa anatembea kila alfajiri hadi bustani ya Mama Ngina, ufukweni, na kurudi, akapunguza kilo 14. Haukupita mwaka zikarudi zote, na tatu juu. Jambo hili linastahili kusemwa wazi kwa sababu ndipo wagonjwa wengi wanapodhalilishwa: mwili uliokonda kwa kujinyima huongeza homoni za njaa na kupunguza nguvu unazotumia, na hali hiyo huendelea kwa muda mrefu baada ya kilo kupungua. Kwa mtu wa BMI 49, ushauri wa chakula peke yake ni nadra sana kumfikisha pale afya yake inapohitaji.

Daktari wa kwanza, na sababu yake

Bintiye ndiye aliyeuliza. Alikuwa amesikia kwamba Nairobi kuna operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, akamuuliza daktari mkongwe aliyekuwa akimtibu mamake. Jibu likawa fupi: "Mwanangu, hiyo ni ya matajiri wanaotafuta umbo, na wengine hawarudi. Mama apunguze sahani."

Wenzetu vijana walimcheka. Mimi naona alikuwa na hoja. Alisoma udaktari wakati operesheni za zamani zilikuwa bado zinafundishwa kama onyo. Mwaka 1954 madaktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza njia ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kipite bila kufyonzwa. Ikashika, na katika miaka ya 1960 na 1970 watu wengi walifanyiwa. Walikonda kweli, lakini kwa kuharisha, kwa kupungukiwa madini, kwa mawe ya figo, na wengine ini liliwafeli wakafa. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeachwa, na wagonjwa wengi ikabidi wapasuliwe tena warudishiwe njia yao ya asili. Aliyefundishwa hayo hana lawama kuogopa. Walakini hofu yake ilibaki pale pale, na operesheni zenyewe zikaendelea kubadilika.

Mwaka 1966 Edward Mason na Chikashi Ito, Chuo Kikuu cha Iowa, walianza njia nyingine: kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo, bila kuutupa nje utumbo karibu wote. Hii ndiyo baipasi. Ikarekebishwa mara kadhaa, na mwaka 1994 ikachapishwa ripoti ya kuifanya kupitia matundu madogo badala ya kupasua tumbo lote. Mwaka 1991 Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani ziliita mkutano wa wataalamu, nao wakatoa mwongozo ambao dunia iliutumia kwa miaka thelathini: mtu wa BMI 40 na zaidi, au 35 na zaidi akiwa na ugonjwa mzito unaotokana na unene, anaweza kufikiriwa kwa upasuaji. Hiyo ndiyo sehemu inayonukuliwa kila mahali. Mwongozo ulisema pia kwamba mgonjwa achunguzwe na timu ya fani mbalimbali kabla, na afuatiliwe na wahudumu wa afya maisha yake yote baadaye. Sehemu hiyo huachwa, na kisa hiki kilikwama papo hapo.

Daktari wa pili

Bintiye alimleta mamake kwetu kwa rufaa ya kujipeleka. Daktari aliyempokea hakuanza na swali la umbo. Alichukua kilo, urefu, orodha ya magonjwa na miaka ya insulini, akaviweka mbele ya mwongozo. Bi S. alipita kwa mbali, hata kwa kipimo cha 1991. Kwa kipimo cha 2022, kilichotolewa na chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji huu pamoja na shirikisho lao la kimataifa, upasuaji unapendekezwa kuanzia BMI 35 hata kama hakuna ugonjwa mwingine.

Kisha akaandika barua kwa yule daktari mkongwe. Nimeiona, na naona ilikuwa kazi bora kuliko hotuba yoyote. Haikumkosoa. Ilieleza kwamba nchini Sweden utafiti ulioanza 1987 uliwalinganisha watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 wa unene kama wao waliopata matibabu ya kawaida, na matokeo ya 2007 yakaonyesha hatari ya kufa ikiwa imepungua kwa asilimia 29 kwa waliopasuliwa, baada ya kuzingatia umri na tofauti nyingine. Ilitaja pia utafiti wa Marekani wa 2009 ambamo vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Mwisho ikataja kwamba mwaka 2016 vyama vya wataalamu wa sukari vya nchi nyingi viliuingiza upasuaji huu katika tiba za sukari ya aina ya pili. Mzee hakujibu kwa maandishi. Alituma faili lote la mgonjwa, limepangwa kwa tarehe, na juu yake karatasi yenye maneno mawili: "Tafadhali endeleeni."

Nyumbani

Kaka yake Bi S., ambaye watoto humwita mjomba na neno lake ndani ya nyumba ni zito, alikataa. "Dada, hilo tumbo halina kidonda, halina uvimbe. Unakatisha kiungo kizima alichokupa Mola, halafu utamjibu nini?"

Familia ikaenda kwa shekhe wa mtaa. Bintiye alifanya jambo la busara hapa: hakwenda kuuliza kama "operesheni ya kukonda" inafaa. Alibeba vipimo. Shekhe akauliza maswali matatu: kuna maradhi au ni pambo? Madaktari wanaoaminika wamesema faida yake inazidi madhara? Njia nyepesi imejaribiwa? Aliposikia majibu alisema hiyo ni tiba kama tiba nyingine, na uamuzi ni wa mgonjwa na madaktari wake. Mjomba hakufurahi, lakini alinyamaza, na baadaye ndiye aliyechanga zaidi ya wote.

Kuchanga kulihitajika kwa sababu bima ilijibu kwa mstari mmoja kwamba matibabu ya urembo hayalipiwi. Daktari aliandika rufaa akaambatanisha vipimo vya usingizi, sukari na presha. Jibu la pili likawa sawa na la kwanza. Familia ikauza kiwanja.

Bintiye aliuliza pia kuhusu sindano mpya za kupunguza mwili, za aina ya semaglutide. Ni dawa zinazofanya kazi: katika utafiti wao mkubwa watu walipoteza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa muda wa wiki 68. Ila ukiacha, kilo nyingi hurudi, na gharama ni ya kila mwezi bila mwisho. Kiwanja huuzwa mara moja.

Operesheni ipi

Hapa timu ilibishana, na mabishano yalikuwa ya haki. Njia mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ni kukata mfuko wa chakula kwa urefu na kuondoa kama asilimia 75 hadi 80, ubaki mwembamba kama ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Ya pili ni baipasi. Wagonjwa wa Mombasa huielewa nikiwatajia barabara ya Dongo Kundu: magari yanatoka Miritini yanafika kusini bila kuingia kisiwani, na chakula nacho kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Kwa sukari ya miaka minane yenye insulini, baipasi ina nguvu zaidi. Lakini pia huleta upungufu mkubwa zaidi wa chuma, kalisi na vitamini B12, na hudai vidonge na vipimo bila kukosa. Daktari wa upasuaji wa Nairobi aliuliza swali ambalo sisi wa Mombasa tulipaswa kuwa tumeshalijibu: "Nikimrudisha Pwani, nani atampima damu baada ya miezi mitatu?" Hakuna aliyekuwa na jibu la uhakika. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa Bi S. hakuwa na kiungulia, ambacho njia ya kwanza huweza kukizidisha, wakachagua kukata mfuko. Uamuzi ulifanywa kwa kuangalia udhaifu wa huduma za baadaye kuliko nguvu za tiba yenyewe. Nadhani ulikuwa sahihi, ingawa inauma kuandika hivyo.

Maandalizi yalikwenda vizuri. Kipimo cha usingizi kilionyesha pumzi inakatika mara nyingi usiku, akapewa mashine ya hewa wiki kadhaa kabla ya nusukaputi. Bakteria wa vidonda vya tumbo walitafutwa, wakapatikana, wakatibiwa. Wiki mbili za mwisho alikula chakula chepesi sana ili ini lipungue na daktari aone anakopita. Alishuka hadi kilo 121. Tarehe iliwekwa Mfungo Pili, Ramadhani ikiwa imepita na inayofuata iko mbali, kwani miezi ya mwanzo mtu hunywa kwa vijimafunda kutwa nzima na kufunga hakuwezekani.

Wiki ya tano hadi ya kumi

Operesheni ilikwenda bila tatizo. Aliruhusiwa baada ya siku chache, insulini ikiwa imesimamishwa, na sindano za kuzuia damu kuganda akaendelea nazo nyumbani. Akarudi Mombasa kwa treni, akiagizwa kusimama na kutembea ndani ya behewa kila saa. Karatasi ya kuruhusiwa ilitaja jina la operesheni, dawa za maumivu, na tarehe ya kurudi Nairobi baada ya wiki sita. Kuhusu vitamini ilisema "multivitamini", basi.

Wiki ya tano ikaingia katika harusi za Mfungo Tatu. Hakuenda kubeba masufuria, alikwenda kusimamia. Lakini mpishi husimamia kwa ulimi. Sufuria la nyama, kijiko. Masala, kijiko. Wali ukishapakuliwa, tonge. Mfuko wake ulikuwa bado umevimba kwenye mishono, na karatasi ya chakula aliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa mtu anayekula mara tatu kwa siku mezani. Akaanza kutapika. Mwanzo mara moja kwa siku, kisha kila anachoweka mdomoni, hata maji ya dafu. Zahanati ya jirani ilimpa dawa ya kutapika na ya asidi. Tarehe ya Nairobi ilipofika hakuwa na nguvu za safari, akaiahirisha.

Wiki ya nane nyayo zikaanza kuwaka moto. Zahanati ikasema ni sukari, inashika mishipa. Maelezo hayo yanakubalika kirahisi kwa mtu wa miaka minane ya sukari, na ndiyo maana yalikuwa hatari: sukari yake wakati huo ilikuwa nzuri kuliko miaka yote minane.

Wiki ya kumi alianguka chooni. Bintiye alimkuta hawezi kusimama bila kushika ukuta, na akimtazama usoni macho yalikuwa yakichezacheza. Usiku ule wakafika chumba cha dharura cha hospitali moja. Sukari ilisoma 4.6. Kwa kuwa alikuwa dhaifu na hajala, afisa wa zamu aliandika chupa ya maji ya glukosi, na muuguzi akaanza kutafuta mshipa. Bintiye akampigia muuguzi wa kliniki yetu. "Sista, mama wanamtundikia glukosi." Sista akauliza maswali mawili tu, ametapika kwa muda gani na macho yakoje, kisha akaomba apewe afisa wa zamu. Akamwambia: "Daktari, huyu amekatwa tumbo na ametapika wiki tano. Mpe kwanza B1 ya mshipa, halafu hiyo glukosi."

Sababu ni hii. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Anayetapika kila siku huimaliza, na mwili unahitaji B1 ili kuchoma glukosi. Ukimwingizia glukosi peke yake, kidogo kilichobaki humalizwa na ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Mgonjwa ambaye sukari imeshuka mno hacheleweshewi glukosi, hupewa vyote pamoja. Lakini kwa 4.6 haraka ya glukosi haikuwepo. Afisa, sifa zake, hakubishana wala kuona haya. B1 ilipatikana kwenye famasia ya nje, bintiye akakimbilia tuktuk.

Macho yalitulia ndani ya siku tatu. Kutembea kulichukua majuma. Darubini ya tumbo ilionyesha mfuko haukuwa umebana, kwa hiyo tatizo lilikuwa namna ya kula na kasi yake.

Matokeo

Mwaka mmoja baadaye alikuwa na kilo 93, na mwaka wa pili 96, yaani amepoteza robo ya uzito wake wa mwanzo. Kupanda kidogo mwaka wa pili ni kawaida, na tulimwambia mapema ili asifikiri ameshindwa. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu ni asilimia 6.3, bila insulini, kwa metformini peke yake. Mtaani wanasema amepona sukari. Kitaalamu bado: makubaliano ya kimataifa ya 2021 yanataka kipimo kiwe chini ya 6.5 kwa angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa zote za sukari, naye hajaziacha. Dawa moja ya presha imeondolewa. Mashine ya hewa ameirudisha. Nyayo bado zina ganzi kidogo, hasa vidole, na pengine itabaki.

Kuonja sasa ni kazi ya mpwa wake. Bi S. anakaa kwenye kiti pembeni ya jiko, ananusa mvuke na kutazama rangi ya masala. Alilalamika kwamba biriani la kwanza lilikosa chumvi. Wateja hawakuona.

Uchambuzi

Swali la kama upasuaji huu unakubalika kitabibu lilikula miezi mingi ya mgonjwa huyu, na lilikuwa limeshajibiwa kabla bintiye hajaanza shule. Lililohitaji muda huo ni swali la daktari wa upasuaji, nani atampima damu. Lenyewe likapata dakika chache kwenye kikao kimoja, likajibiwa kwa kuchagua operesheni inayodai vipimo vichache zaidi. Operesheni inayodai vichache haikuwa na maana ya isiyodai kabisa.

Barua kwa daktari mkongwe ilifaulu kwa sababu ilikubali alichokijua. Daktari anayeogopa operesheni ya 1970 habadiliki kwa kuambiwa amepitwa na wakati, hasa na kijana. Hali kadhalika kwa shekhe: aliletewa ugonjwa, akajibu kuhusu ugonjwa. Bima haikuletewa hivyo mara ya kwanza. Fomu ilijazwa "kupunguza uzito" kwenye nafasi ya sababu, na sababu hasa zikaja kwenye rufaa, mlango ukiwa umeshafungwa. Siwezi kuapa kwamba fomu tofauti ingeleta jibu tofauti. Hata hivyo sasa tunaanza na sukari, pumzi na presha, uzito unafuata.

Kushindwa kukubwa ni makabidhiano. Nairobi walijua wanachofanya, na kliniki yetu ilijua kuhusu B1, lakini karatasi aliyobeba mgonjwa haikumwambia mtu yeyote aliyekuwa njiani. Zahanati haikuwa na sababu ya kujua. Hakuna aliyemuuliza Bi S. kazi yake inahusisha nini kinywani, ingawa faili lote lilimwita mpishi. Na ganzi ya miguu kwa mtu wa sukari aliyepunguzwa tumbo isipewe jina la sukari mpaka B1 na B12 ziangaliwe. Akitapika zaidi ya siku chache apewe B1 bila kungoja maabara, maana ni dawa ya bei ndogo na madhara yake ni madogo sana.

Tangu hapo wagonjwa wetu wanaporudi kutoka Nairobi hupewa kadi ya kubeba pamoja na kitambulisho: aina ya operesheni, tarehe, agizo la B1 kabla ya glukosi, na namba ya kliniki. Bado hatujapata wa kulipia vipimo vya kila mwaka vya chuma, B12 na vitamini D. Bi S. huvilipa kwa pesa za harusi, na mwaka ambao harusi ni chache hupima kimoja au viwili akaacha vingine.